Yowe Lisilonyamaza

Sisi tuliozaliwa Tarime tunalijua yowe tangu utotoni. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwenye boma hupiga yowe. Boma la jirani hulisikia nalo hupiga, na kitambo kidogo tu vijana wa kijiji kizima wako njiani na mikuki yao. Ng'ombe wakipatikana, yowe hunyamaza, na kila mtu hurudi kwake kulala. Lisiponyamaza, hakuna atakayelima wala kuchunga, na kijiji kitakufa kwa wingi wa wasaidizi.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu ndilo lililonisaidia kukielewa kifo cha shangazi yangu, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe baada ya kifo hicho.

Shangazi alikuwa ameolewa upande wa Nyamwaga, mke mkubwa kati ya wake wawili. Mwaka 2008 aliona kivimbe katika titi la kushoto, kidogo kama punje ya harage. Hakikumwuma, kwa hiyo akanyamaza. Alipokuja kunionyesha Mugumu, nilikokuwa nikifundisha biolojia, titi lilikuwa limekwisha kukakamaa na ngozi imechubuka. Nilimpeleka Bugando, Mwanza, nako madaktari wakatuambia ugonjwa umefika kwenye mapafu. Tukiwa njiani kurudi, gari likivuka daraja la Kirumi, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, ni nani aliyenitupia kitu hiki?"

Mimi, mwalimu mwenye stashahada, niliyatazama maji ya Mto Mara. Sikumjibu.

Wengine walimjibu. Alipofariki mwaka uliofuata, lawama zilimwangukia mke mwenzake. Ilikumbukwa kwamba waliwahi kugombana juu ya shamba la ulezi, na hilo likatosha. Mama yule alifunga vitu vyake akarudi kwa kaka zake, ng'ambo ya mto, wilayani Serengeti, akiwaacha watoto wake nyuma. Nilikuwepo kwenye kikao kilichomfukuza. Nilikuwa na maneno ya kusema, nikayameza.

Maneno yenyewe ni haya. Titi la mwanamke halizaliwi likiwa kamili. Hukua msichana anapobalehe, hukua tena anaposhika mimba, na mtoto akiachishwa kunyonya, nyingi kati ya seli za kutengeneza maziwa hufa na kuondolewa. Ili kazi hiyo iende kwa mpango, mwili hutumia homoni, na pamoja nazo protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kichocheo hugusa kipokezi kilichosimama kwenye utando wa nje wa seli. Kipokezi hupeleka habari ndani, protini moja ikiiamsha nyingine, mpaka kwenye kiini, na seli huamriwa igawanyike. Ndilo yowe letu, boma kwa boma. Kidonda kikipona, au titi likikamilika, yowe hunyamaza.

Kichocheo kimojawapo kiligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani. Aliwachoma panya wachanga sindano ya utomvu wa tezi za mate za panya wakubwa, akaona macho yao yakifumbuka mapema kuliko kawaida. Yeye na mwenzake, Rita Levi-Montalcini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa ugunduzi wa vichocheo vya namna hii.

Sasa tuje kwenye saratani. Seli haigeuki kwa siku moja. Mabadiliko hujikusanya katika jeni zake mwaka baada ya mwaka. Seli moja huanza kupiga yowe na kuliitikia yenyewe. Nyingine huota masikio kupita kiasi: katika takriban saratani moja kati ya tano za titi, kipokezi kiitwacho HER2 huwa kingi mno, hata vipokezi vikaamshana bila kuguswa na chochote kutoka nje. Nyingine huharibika njia ya ndani, ikabaki ikitangaza wizi usiokuwepo. Watafiti wa Detroit walieleza mwaka 1990 habari za seli za titi zisizo na saratani zilizooteshwa maabara. Seli hizo huhitaji kichocheo kile cha Cohen ili ziongezeke vizuri. Zikitiwa jeni ya ras iliyoharibika, huongezeka hata bila hicho. Hapo ndipo utii unapokwisha.

Kwa kuijua njia hiyo, binadamu ametengeneza dawa ya kuziba masikio ya HER2. Inaitwa trastuzumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni dawa ghali, na haimfai kila mgonjwa.

Tazama basi, ndugu msomaji. Nguvu iliyomwua shangazi ndiyo ile ile iliyomwezesha kunyonyesha watoto saba. Hakuna aliyemtupia. Ilikuwa ni sauti ya mwili wake mwenyewe, iliyosahau kunyamaza.

Miaka sita baada ya msiba nilifunga safari kwenda kwa yule mama. Nilimkuta akipepeta ulezi uani. Nilimweleza yote niliyoyaandika hapa, kwa mfano wa yowe na ng'ombe, naye akasikiliza bila kuuweka chini uteo wake. Nilipomaliza aliniuliza: "Na hayo, mwalimu, uliyajua lini?"

Nikamwambia niliyajua tangu chuoni.

Alitikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Kisha akamwita binti wa nyumba hiyo aniletee uji. Uji ule niliunywa kwa shida kuliko dawa yoyote niliyowahi kunywa.

Tangu siku hiyo, kila ninapofika kwenye somo la mgawanyiko wa seli, nafundisha na habari ya titi. Nawaagiza wanafunzi wangu, wavulana kwa wasichana, wakawaambie mama na shangazi zao: kivimbe kisidharauliwe kwa kuwa hakiumi, kipelekwe hospitali kingali punje. Na kikao kikiitwa kumtafuta mchawi, anayejua asimame aseme. Kunyamaza pale panapohitaji yowe nako ni ugonjwa, na mimi nimewahi kuuugua.