Sahani ya Baba
Mwaka wa pili sasa sili chochote kitokacho kwa mnyama. Mwanza mjini si tabu: ugali, maharage, matembele, basi. Ukishuka kivukoni Nansio, Ukerewe, mambo hubadilika. Mgahawani nikiagiza ugali wa muhogo na maharage, mama lishe huongeza mchuzi wa sato: “Wa kulainishia tu, mwanangu.”

Nyumbani mama hunipikia kisamvu cha karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Vyakula vya zamani kuliko sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Ila baba ni mvuvi wa dagaa, na dagaa ndio wanaolipa ada yangu ya uzamili. Akirudi alfajiri na sato wa kitoweo, hunitengea mnono kuliko wote. Nikimsogezea mdogo wangu sahani, baba hasemi kitu. Huuliza tu ada ya muhula ujao ni kiasi gani.