KUISHI NA WATU SIO KUIACHA DINI



Kijana wetu wa hapa Runzewe, ambaye sasa anaishi Ulaya, kaniuliza: "Sheikh, jirani yangu ni mzee wa Kizungu, kafiwa na mkewe. Nikienda kumpa pole sitakuwa nimejiingiza kwenye dini yao?"

Swali hili si lake peke yake. Wapo wengi wanaodhani njia ni mbili tu: ujifungie na wenzako usijuane na mtu, au ufanane na wenyeji mpaka sala uiache. Ndugu yangu, njia ya tatu ipo, na ni kongwe kuliko hijra ya Madina.

Mwaka 615, Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Habasha. Mfalme wao Najashi alikuwa Mkristo, na Mtume s.a.w. aliwaelekeza kwake kwa sababu kwake hadhulumiwi mtu. Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi, wakitaka warudishwe. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme. Hakutukana dini ya wenyeji, wala hakuificha yake. Alisoma katika Surat Maryam, akaeleza imani yetu kuhusu Isa a.s. bila kupunguza neno. Mfalme akakataa kuwatoa. Jaafar alikaa ugenini mpaka mwaka wa 7 wa Hijra, akarudi na dini yake kamili.

Zingatia hapo: alishika adabu na wakati huohuo alishika msimamo. Wengi wetu tunachukua kimoja na kukitupa kingine.

Sasa nikupeleke London. Ndugu zetu Wabarawa, watu wa mwambao wa Somalia wanaozungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili, walikimbia vita vya mwaka 1991, na wengi wao wakafika Uingereza. Mei 2013 watu wawili walimuua askari pale Woolwich wakidai wanaitetea dini. Wiki mbili baadaye, kituo cha Wabarawa kilichopo Muswell Hill kiliteketea kwa moto usiku, na ukutani zikakutwa herufi za kundi linalopinga Waislamu. Wasiohusika ndio waliounguliwa. Ramadhani ilipoingia hawakuwa na pa kukusanyika. Unajua nani aliwafungulia mlango? Sinagogi la Mayahudi la Finchley.

Soma tena sentensi hiyo, ndugu yangu, kisha uniambie kama kila asiyekuwa wa dini yako ni adui yako.

Na usidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka huohuo, Februari 2013, hapa mkoani kwetu Geita, pale Buseresere, ugomvi wa nani achinje nyama ulifika mpaka mchungaji akauawa. Watu waliokuwa wakinunua nyama bucha moja! Damu ile haikuongeza Muislamu hata mmoja msikitini.

Sisi wa Runzewe tuna sababu gani ya kubaguana? Huu ni mji wa barabarani, mji wa watu waliokuja. Msumbwa ni mwenyeji. Msukuma, Muha, Mhangaza na Mnyamwezi wamefuata shamba, biashara na dhahabu. Baba yangu alipofariki, waliokamata majembe pamoja nasi makaburini wengi walikuwa Wakristo. Na mara ngapi nimeitwa kwenye harusi ya Mkristo nichinje mimi, ili jirani Muislamu naye ale? Hakuna aliyewalazimisha. Huo ni ujirani. Je, wewe unaurudisha kwa kiasi gani?

Allah s.w. katika Surat al-Mumtahina, aya ya 8, hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Na Mtume s.a.w. alikwenda kumtazama kijana wa Kiyahudi aliyekuwa mgonjwa.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza, na wote mlioko ughaibuni:

1. Nenda kampe mzee pole, na umpelekee chakula. Kumliwaza si kushiriki ibada yake.

2. Jifunze lugha yao. Asiyejua lugha husemewa na wengine, na mara nyingi husemewa vibaya.

3. Fuata sheria ya nchi na utimize mkataba. Viza uliyopewa ni ahadi. Pale sheria inapokubana, kama Ufaransa ilivyokataza hijabu katika shule za serikali mwaka 2004, dai haki yako kwa njia za halali, si kwa matusi wala ngumi.

4. Swala, halali na haramu havina mjadala. Ukialikwa penye pombe, kataa kwa tabasamu. Wataelewa kuliko unavyodhani.

5. Mjue jirani kabla ya moto. Siku nyumba ikiungua usiku, huna muda wa kuanza kujitambulisha.

Dini yetu watu wengi hawataisoma kitabuni. Wataisoma kwako.

Allah atujaalie tuwe majirani wema, awalinde ndugu zetu walioko ugenini na awarudishe salama. Aamin.

Wallahu a'lam. Mtumie na mwenzako aliye mbali.