Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Marejeo

Mpwa wangu mpenzi,

Mswada wako juu ya mikoko ya delta ya Rufiji umenifikia, nami nimeusoma wote. Vipimo vyako na hoja zako sina elimu ya kuzihukumu, kwani mimi umri wangu nimeutumia katika maktaba, si katika matope. Lakini zile kurasa za marejeo, ambazo katika barua yako umeziita urembo wa kumridhisha mhariri, ndizo zilizonishikisha kalamu, na heri neno hili ulisikie kwangu kabla hujaambiwa na mtu asiyekutakia mema.

Mambo ya sura, ambayo ndiyo uliyoyalalamikia zaidi, hukumu yake ni fupi: jarida likitaka jina na mwaka ndani ya mabano, andika hivyo, likitaka tarakimu, weka tarakimu, likitaka jina la jarida lifupishwe, lifupishe kwa kaida yao, wala usibishane na koma. Mitindo hii ni mapatano ya watu. Ule wa jina na mwaka aghalabu hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya mayai ya konokono asiye na gamba. Na ule wa tarakimu uliitwa Vancouver kwa sababu wahariri wa majarida ya tiba walikutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, wakapatana juu ya sharti moja la miswada, ili mwandishi aliyekataliwa huku asilazimike kupiga chapa upya kila kitu ndipo apeleke kule. Basi wewe unayelalamika ungaliwaombea dua.

Lakini chini ya sura ipo amana, na hapo sina masihara. Mwaka 1980 jarida kubwa la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa barua ya sentensi tano tu, iliyosema kwamba miongoni mwa wagonjwa waliolazwa hospitali wakapewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, waliozoea dawa hizo hata wakawa watumwa wake walikuwa wachache mno. Barua hiyo ikashikwa na waandishi, huyu akimfuata yule, hata watafiti wa Kanada walipoyahesabu marejeo yake mwaka 2017 wakakuta imerejelewa mara 608, na katika hizo zaidi ya 400 zikiitumia kuthibitisha kwamba dawa hizo huzoesha kwa nadra, na wengi wa waandishi hao hawakutaja hata kwamba wagonjwa wale walikuwa vitandani chini ya uangalizi wa madaktari. Marekani imezika watu wengi kwa dawa hizo. Sisemi kwamba wameuawa na marejeo, maana palikuwa na tamaa ya fedha pia. Nasema kwamba kila mmoja wa waandishi wale aliweka nukta na koma mahali pake, na mhariri akaridhika, ilhali barua yenyewe ingesomeka kwa muda mfupi kuliko muda wa kuiandika katika orodha.

Wewe ulikaa chuoni kwa maalimu kabla hujaingia skuli, nawe wajua kwamba maulamaa wa hadithi hawakupokea neno mpaka wajue nani kalipokea kwa nani, na kila jina katika isnadi likapimwa peke yake. Sikutaki zaidi ya hayo. Neno ulilolisoma kwa mtu wa pili, useme umelipata kwa huyo wa pili, wala usimruke ukajifanya umeketi na wa kwanza. Na naona katika orodha yako vitabu viwili vya karne ya 18 ambavyo, kwa jinsi nikujuavyo, hukuvifungua.

Ndiyo maana nimesikitika kuona umeyaondoa mabano katika jina la mchu. *Avicennia marina* (Forssk.) Vierh.: mabano yale yana habari. Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliuandika mti huo katika safari ya Arabuni, akafa huko Yemen mwaka 1763, na karatasi zake zikatolewa kitabu mwaka 1775 na mwenzake Niebuhr. Kisha mwaka 1907 Vierhapper akauhamisha mmea ule na kuutia katika jenasi uliyomo sasa. Jina la ndani ya mabano ni la aliyetangulia, la nje ni la aliyehamisha. Ukiyafuta, umewachanganya wote wawili.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majina, nitakaa hapa kidogo. Watu wa pwani yetu huitwa kwa jina lao, kisha la baba, kisha la babu, na wengi wetu hatuna jina la ukoo. Lakini faharasa za dunia hulishika la mwisho, kwa hiyo marehemu babu wa mtu ndiye atakayesifiwa kwa utafiti asioujua. Hilo hulibadili peke yako. Lililo katika uwezo wako ni kuchagua leo jinsi utakavyojiandika na kudumu nayo, maana mwenye kuandika jina lake kwa namna tatu huwa watu watatu. Na ujiandikishe upate ile nambari ya ORCID ya tarakimu 16, ambayo haijali ukoo wala ndoa. Wenzako nao uwaandike kama wao wenyewe wanavyojiandika.

Programu ya kompyuta inayokupangia marejeo itumie, kwani inapunguza taabu, ila usiiamini. Katika orodha yako imeigeuza Wizara ya Maliasili na Utalii kuwa bwana mmoja aitwaye Utalii, W. Y. M. N., na nimecheka hata mke wa mjomba wako akaja kutazama kuna nini. Kila makala yenye ile anwani ya kudumu ya DOI, inayoanza kwa 10, ibonyeze uone inakofikia.

Vitabu vya Kiswahili umeviandika kwa anwani za Kiingereza tu, kana kwamba vilitungwa London. Anwani ya asili itangulie, tafsiri ifuate ndani ya mabano ya mraba. Msomaji akienda maktaba ataulizia kitabu kwa jina lililo juu ya jalada. Na wale wakata boriti waliokufundisha kutofautisha mkandaa na msinzi, ikiwa jarida haliruhusu mazungumzo yao kuingia katika orodha, yataje ndani ya makala pamoja na tarehe, na majina yao kwa idhini yao.

Nirudishie mswada ukiisha kulinganisha kila jina la ndani na orodha, na kila jina la orodha na ndani. Nimetia alama ya kalamu nyekundu mahali ambapo hayakutani. Mama yako msalimie sana, na umwambie yale mafuta ya nazi yamefika.

Wasalaam,
Mjomba wako