Boga la Plymouth, Boga la Lushoto

Plymouth, Massachusetts

Mwishoni mwa Novemba jua la huku huzama saa kumi na robo jioni. Anayetaka kuliota na alitafute mchana. Wenyeji wanalijua hilo, na asubuhi ya Alhamisi ya nne ya mwezi, yaani Siku ya Shukrani, njia za ufukweni zilikuwa zimejaa watu: wazee kwa watoto, wamejifunga skafu, wanatembea familia kwa familia kabla ya kurudi kula. Hilo nililipenda sana. Kwetu siku ya sherehe tunaamkia jikoni au tunaamkia kitini.

Mji huu ndipo hadithi yenyewe ilipoanzia. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwaka 1620, na karibu nusu yao walikufa kabla majira ya baridi hayajaisha. Waliobaki walifundishwa kupanda mahindi na Tisquantum, mwenyeji wa hapo, aliyewaonyesha kufukia samaki shambani kama mbolea. Mwaka uliofuata walivuna, wakasherehekea siku tatu pamoja na Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na watu wake wapatao 90. Barua ya Edward Winslow ya Desemba 1621 inataja ndege wa kuwindwa, na inataja paa watano walioletwa na wale wenyeji. Mgeni alikaribishwa, akafundishwa kulima, na bado mwenyeji akaja na kitoweo.

Ndiyo maana sikushangaa kukuta mkutano mwingine juu ya kilima cha Cole, kinachotazama bandari. Tangu 1970, Wawampanoag na wenzao wa mataifa mengine ya asili hukutana hapo siku hiyohiyo kuomboleza ardhi na watu waliopotea. Wengine huja wakiwa wamefunga. Nilisimama nyuma nikasikiliza, na naona haki iko upande wao: aliyekulisha hawezi kuachwa nje ya shukrani ya chakula alichokupa.

Saa nane nilikuwa mezani kwa watu walionialika. Bata mzinga, viazi, mkate uliopondwa na viungo, na mboga moja tu ya kijani. Viazi vitamu vilikuja vimefunikwa pipi laini nyeupe. Kulikuwa na mchuzi mzito wa kranberi, tunda dogo jekundu linalolimwa kwenye majaruba ya jimbo hilihili; wakati wa kuvuna mashamba hujazwa maji, na tunda huelea kwa sababu lina hewa ndani. Lina vitamini C ya kutosha, lakini ni kali sana, basi sukari humwagwa mpaka ukali wote unaisha. Baada ya kula watu walisinzia, wakamsingizia bata mzinga. Nyama yake haileti usingizi kuliko ya kuku. Kilichowalaza ni wingi wa wanga na sukari kwa mkupuo mmoja.

Kisha ikaja pai ya boga. Nilipoionja nilitambua karafuu, pamoja na mdalasini, tangawizi na kungumanga, nikajikuta nafikiria Unguja. Si mbali kama inavyodhaniwa: meli za Salem, mji wa jimbo hili, zilikuwa zikifika Unguja mapema karne ya 19. Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Bibi zetu walivaa kitambaa cha merikani kilichofumwa katika viwanda vya huku. Niliuliza boga lenyewe limelimwa wapi. Hakuna aliyejua, lilitoka koponi.

Hata hivyo mezani pale kuna desturi ningependa tuichukue. Kabla ya kugusa sahani, kila mtu alitaja kitu kimoja anachokishukuru. Mzee mmoja alimshukuru muuguzi wa zamu ya usiku aliyekuwa akimgeuza kitandani baada ya upasuaji. Mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, alishukuru kwa sababu babu amerudi nyumbani. Pale hapakuwa na hotuba wala mshereheshaji.

Lewiston, Maine

Kaskazini zaidi, baridi zaidi. Mji huu na miji jirani ina Waafrika wengi, na madukani utasikia Kiswahili cha Kivu. Nilifikia kwa mama wa Uvira aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kabla ya kuletwa huku. Siku ya Shukrani anaisherehekea kwa namna yake, na kwa ajili yangu alirudia chakula chake Jumamosi. Bata mzinga alikuwepo, mdogo, pembeni. Katikati kulikuwa na bugali, sombe (kisamvu kilichotwangwa), lengalenga (mchicha), na maharage. Aliomba kwa muda mrefu, akiwataja majina jirani zake wa kambini waliomgawia unga posho ilipochelewa. Kisha akanisukumia bakuli la sombe: "Kula tena, mutoto yangu, chakula iko."

Maboga na mahindi ya jikoni kwake alikuwa ameyanunua kwa Wasomali Wabantu wanaolima nje ya mji. Miongoni mwao wamo wenye asili ya Uzigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani mpaka Somalia karne ya 19, na vita vikawatoa huko. Mama huyu aliwajua waliomlimia, na alijua nani mgonjwa mwaka huu na nani kapata mtoto. Nilikula nikashiba, na jioni nilitembea bila kuelemewa.

Lushoto, Tanga

Shamba la mlimani hapa linafanana na la Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa New York, ambao huita mahindi, maharage na maboga dada watatu. Bua la mhindi ni nguzo ya maharage, maharage yanaongeza naitrojeni udongoni, majani ya boga yanafunika ardhi isikauke. Vyote vitatu vilitoka bara lao vikatufikia kwa merikebu, na sisi tumevipanda pamoja kana kwamba vilizaliwa Usambara. Kwa lishe pia vinasaidiana: protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharage yanayo.

Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, mnada huanza uani. Mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mara ya mwisho boga moja lilipandishwa bei na wanaume wawili mpaka watu wakapiga vigelegele. Aliyeshinda alilibeba moja kwa moja akampa mjane aliyekaa benchi la nyuma. Kila mtu alijua boga lile limetoka shamba la nani.

Lakini chakula kilichofuata kilinisikitisha. Meza kuu ililetewa pilau, chipsi na kreti za soda. Makande yalikuwa kwenye sufuria kubwa nyuma ya jiko, ya watoto na wabeba maji. Majani ya maboga, yanayomenywa nyuzi shina kwa shina na kupikwa na karanga, hayakuwepo kabisa, ingawa shamba la nyuma ya kanisa limejaa. Sisi tunaomjua mkulima tunakionea aibu chakula chake mbele ya wageni.

Nilikula makande na watoto, kisha nikamfuata mama wa kamati ya mapishi, nikamwomba mwakani meza kuu ipewe makande na majani. Alinitazama kidogo. "Kumenya majani ya watu mia mbili ni kazi ya usiku kucha, mwanangu," alisema. "Njoo Jumamosi na kisu chako, na uje na wanaume wengine."