Zahanati Iliyotegemea Bei ya Dhahabu

Zahanati ile niliiharakisha kwa sababu Mwenge wa Uhuru ulikuwa njiani kuja kuizindua. Wanakijiji walikwisha kunyanyua boma hadi kwenye lenta kabla sisi hatujatia mguu. Mgodi ulimalizia paa, sakafu na rangi. Mwaka ulikuwa 2011, nami nilikuwa afisa mahusiano ya jamii wa mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Kazi yangu hasa, tukiacha maneno ya vipeperushi, ilikuwa kuhakikisha watu hawazibi barabara ya malori.

Mganga mkuu wa wilaya aliniita ofisini kwake. "Ndugu yangu, jengo peke yake si zahanati. Ngoja tuliingize kwenye bajeti ya halmashauri, tulisajili, tuombe watumishi. Bohari ya Dawa ya serikali haitoi dawa hivi hivi."

Nikamwona mtu wa makaratasi. Nikamjibu kwamba mgodi utaajiri muuguzi wake na dawa utanunua wenyewe. Nisichomwambia ni kwamba sikutaka halmashauri iingie, kwani ikiingia shukrani zingegawanywa.

Utepe ukakatwa, na picha yangu ikatoka kwenye jarida la kampuni. Zahanati ilifanya kazi, siwezi kukana: muuguzi alikuwa hodari, vipimo vya malaria havikukauka, matibabu bure. Watu wakaacha kukata kadi za CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii. Nani akate kadi, na kwa mgodi hawalipi?

Wachimbaji wadogo nao walikuja, wengine na kikohozi cha miezi. Tukawapa amoksilini, wakarudi mashimoni. Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi 6 mfululizo, kwa dawa za mpango wa taifa, na sisi hatukuwamo kwenye mpango wowote. Hapa sina pa kujificha. Vumbi la mwamba huchakaza mapafu na kuikaribisha TB, na jambo hilo nilifundishwa mgodini humo humo, kwenye semina za usalama kazini. Wafanyakazi wetu walipigwa picha za kifua. Wale wa kijijini niliwahesabu tu, idadi yao ikapanda kwenye ripoti yangu, nikapongezwa.

Mwaka 2013 bei ya dhahabu ikaporomoka. Kutoka zaidi ya dola 1,900 kwa wakia miaka miwili nyuma, ikafika karibu dola 1,200. Kila idara ikaambiwa ipunguze matumizi. Zahanati ilikuwa mstari mmoja kwenye jedwali langu, na mimi ndiye niliyeufuta. Muuguzi akaondoka. Kabati la dawa likapigwa kufuli, kwa kuwa kwenye daftari lilikuwa mali ya mgodi. Mwenyekiti wa kijiji akanipigia: "Mwanangu, basi tuachieni hata funguo." Nikamwambia nitafuatilia. Sikufuatilia.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yalipozitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii, wenzangu walinung'unika kwamba ni urasimu. Mimi sikuwa na la kusema.

Baadaye halmashauri iliichukua zahanati, ikaisajili, ikaleta tabibu. Tabibu akataka kujua akina nani waliwahi kuja na kikohozi, awafuate majumbani. Rejesta tulishazibeba kwenda kwenye ghala la mgodi. Nilikwenda kuziomba, lakini wakati huo nilikwisha kuacha kazi. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani.