Tumekula bata Jamaica, lakini mwenye bahari alikuwa Bibi

Picha za Karibiani mmeshaziona za kutosha. Kuna staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, aliwahi kutupia zake akiwa kisiwani huko: kofia pana, dafu mkononi, maji ya bluu nyuma yake. Watu wakasema maisha ndiyo hayo. Mwaka jana na sisi tukaenda Jamaica kama familia, na picha tunazo. Ila leo nataka kuwaambia kilichotupeleka.

Mama yangu alikuwa amekuja kutusalimia Toronto. Mwanamke wa Pangani, miaka 71, akakutana na theluji. Kutoka nje hawezi, jirani wa kumpigia hodi hana. Wanangu, mmoja ana miaka 12 na mwingine 9, wanajua "shikamoo Bibi" na "asante", baada ya hapo kila mtu na simu yake. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hapa nakula, nalala, nimekuwa kama mgonjwa. Nibadilishie tiketi nirudi." Iliniuma. Nikaona atarudi kwake, na wajukuu watabaki kumkumbuka kama bibi mmoja aliyekaa dirishani.

Baba watoto akasema tumpeleke kwenye joto. Toronto hadi Montego Bay ni masaa manne hivi kwa ndege. Kwa wanaopiga hesabu: Desemba hadi Aprili bei ziko juu maana wazungu wote wanakimbia baridi. Juni hadi Novemba ni nafuu, lakini ndio msimu wa vimbunga. Sisi tulienda Februari, tukajibana.

Hoteli ilikuwa ya zile unalipia kila kitu mapema, kula kunywa mpaka uchoke. Asubuhi ya kwanza Mama akaswali, akajifunga kanga, akashuka ufukweni kusubiri maji yapwe aokote kome. Akasubiri. Saa nne, saa sita, maji yako palepale. Akanigeukia, "Hii bahari mbona haiendi?"

Watoto wakacheka, halafu wakataka kujua. Bahari iende wapi? Nikawaeleza: pwani ya kwetu, siku za bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Jamaica mara nyingi hata nusu mita hayafiki. Wao bahari waliyoizoea kwenye likizo ni hiyo inayokaa kama ziwa, kwa hiyo hawakuamini. Mama akamwambia yule mdogo, "Mume wangu, lete kijiti." Wakakichomeka pale maji yanapoishia. Hadi jioni maji yalikuwa yamesogea kama shubiri moja.

Hapo ndipo hadithi zilipoanza. Mama akawasimulia wanawake wa kwao wanavyoingia baharini kwa miguu na vikapu, wanavyomtoa pweza shimoni kwa mchokoo, na kwamba usipojua saa za maji, bahari inakufungia njia nyuma yako. Mimi nilikuwa mkalimani. Siku ya pili wakawa wananiruka, wanamuuliza wenyewe, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika na vidole vingi.

Siku ya tatu Mama akaona boti za wavuvi mbali kidogo, akataka kwenda. Mwisho wa ufukwe wa hoteli kuna kamba na mlinzi. Wadau, hili wengi hatulijui. Jamaica wanaongozwa na sheria ya fukwe ya mwaka 1956, ya enzi za Mwingereza, ambayo haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni. Kwa hiyo kuna watoto wanaozaliwa kisiwani na sehemu kubwa ya bahari wanaiona kupitia uzio, na wananchi wanaipigia kelele sana. Barbados, kwa mfano, fukwe zote ni za watu wote. Mama alipoelewa akasema tu, "Sasa wenyewe wanaoga wapi?"

Tukatoka kwa barabarani. Tukapanda teksi za kuchangia, zile za namba nyekundu, mnabanana kama kwenye mchomoko. Huko kwa wavuvi ndio nikamwona mama yangu ninayemjua. Anafunua mashavu ya samaki aangalie wekundu, anatikisa kichwa bei ikitajwa, yule muuzaji anacheka, hakuna anayejua lugha ya mwenzake na biashara inakwenda. Tukala samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki, vitunguu na pilipili. Pembeni, juu ya mkaa, kuna tunda la kijani linachomwa. Mama akapiga makofi: "Shelisheli!"

Nikawaambia watoto shelisheli lilifikaje pale. Lililetwa mwaka 1793 kwa meli ya kapteni Bligh kutoka visiwa vya Pasifiki, ili watumwa wa mashamba ya miwa wapate chakula cha bei rahisi. Mama alinyamaza muda. Kisha akasema kwao linapikwa kwa nazi, na akirudi nyumbani atawaonyesha, tukilipata.

Toronto tulilipata, kwenye duka la Wajamaika. Alilipika, watoto wakiwa wamesimama jikoni. Na ile habari ya tiketi hakuigusa tena, akakaa mpaka siku yake ya Aprili.

Kwa hiyo ukienda visiwa vile, kula bata lako, piga picha. Ila chukua na mzee wako kama unaweza, na umtoe nje ya kamba.

Yule mdogo siku hizi ana jedwali la maji ya Tanga kwenye simu yake. Akimpigia bibi yake anamtangazia, "Bibi, kesho bamvua!" Na Mama anamjibu, "Najua, mume wangu. Nimeuona mwezi."