Nesi safarini, sehemu ya 3: Mama, hesabu pumzi

Wiki ya tatu sasa nawajibu nikiwa Dubai. Saa siyo shida, huku tumewatangulia saa moja tu. Shida ni kwamba kupiga simu kwa WhatsApp huku hakukubali, si sauti si video. Zinapita meseji na sauti za kurekodi.

Nyumbani nilizoea kusema, "Mama, nionyeshe kifua cha mtoto." Sasa sioni kitu. Juzi usiku mama mmoja kaniandikia: mtoto wa miezi 8, ana kikohozi, "anahema sana." Sana kiasi gani? Nikamwambia: subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, angalia kifua na tumbo, weka saa, hesabu dakika nzima. Akajibu: 58. Nikamwandikia, nendeni hospitali sasa hivi. Walienda, ikawa nimonia, akaanzishiwa dawa usiku ule ule.

Shikeni namba hizi, kwa dakika moja:
Chini ya miezi 2: kuanzia 60.
Miezi 2 hadi 12: kuanzia 50.
Mwaka 1 hadi 5: kuanzia 40.
Zikifika hapo, mpeleke.

Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usihesabu wala usinisubiri. Nenda.

Jaribu leo mwanao akiwa mzima, amelala, ili siku akiumwa mkono usitetemeke. Mtumie na shoga yako mwenye kichanga.